Jeshi lililokuwa linadai: kisa cha Newburgh, Machi 1783

Vita vya uhuru wa Marekani husimuliwa kana kwamba viliishia Yorktown, Oktoba 1781, Jenerali Cornwallis alipojisalimisha na Waingereza wakapoteza jeshi zima kwa siku moja. Kutoka hapo wasimulizi wengi wanaruka hadi Katiba ya 1787. Katikati kuna miaka sita, na ndani ya miaka hiyo kuna wiki moja ya Machi 1783 ambayo kwa maoni yangu inaeleza kuliko Yorktown jinsi makoloni yale yalivyogeuka jamhuri. Hakuna risasi iliyopigwa wiki hiyo. Ugomvi ulikuwa wa mishahara.

Baada ya Yorktown, Waingereza walikuwa bado wameushika mji wa New York, kwa hiyo George Washington hakuweza kuwaruhusu askari wake warudi makwao. Aliwapeleka kaskazini, kando ya mto Hudson. Yeye alikaa Newburgh, katika nyumba ya mawe ya familia ya Hasbrouck, na kikosi kikuu kikapiga kambi New Windsor, mwendo mfupi kutoka hapo. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783 kambini kulikuwa na watu kama 7,000 ndani ya vibanda karibu 600 vya magogo walivyojijengea wenyewe, pamoja na wanawake na watoto mia kadhaa. Vita vyenyewe vilikuwa vimepoa. Walifanya gwaride, walikata kuni, walikula kilichopatikana, na muda wa kuzungumza ulikuwa mwingi. Aliyewahi kukaa na wafanyakazi wenye malimbikizo ya mishahara anajua mazungumzo hayo huelekea wapi.

Askari wa kawaida alikuwa ameahidiwa dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Mwanzoni alilipwa kwa noti za Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni yote. Lakini Kongresi ilichapa noti za zaidi ya dola milioni 200 bila dhahabu wala kodi ya kuzishikilia, na ilipofika 1781 hakuna mwenye duka aliyezitaka tena. Mwaka 1782 ulipoanza, Robert Morris, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyekuwa msimamizi wa fedha wa Kongresi, alisimamisha mishahara moja kwa moja: kidogo kilichopo kinunue chakula na nguo, mengine yatahesabiwa vita vikiisha. Maofisa nao walikuwa na ahadi yao ya pekee. Oktoba 1780, mambo yalipokuwa mabaya na wengi wanataka kuacha kazi, Kongresi iliwaambia kwamba atakayevumilia hadi mwisho wa vita atalipwa nusu mshahara maisha yake yote. Waliotoa ahadi hiyo hawakuwa na njia yoyote ya kuitimiza.

Serikali isiyo na hazina

Makoloni 13 yaliasi kwa sababu ya kodi zilizotungwa London na bunge ambalo hayakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake. Yaliasi pia kwa sababu ya askari wa mfalme waliowekwa mijini wakati hakuna vita. Tarehe 5 Machi 1770 askari hao waliwapiga risasi raia huko Boston na 5 wakafa. Azimio la Uhuru la 1776 linamshitaki mfalme waziwazi kwamba ameweka majeshi wakati wa amani bila idhini ya mabunge yao, na kwamba amelifanya jeshi liwe juu ya mamlaka ya kiraia. Basi walipojiundia serikali ya pamoja, kwa Vifungu vya Shirikisho vilivyoanza kazi tarehe 1 Machi 1781, walihakikisha kwamba serikali hiyo haiwezi kumtoza mtu kodi. Kongresi iliweza kutangaza vita, kukopa na kuyaomba majimbo yachangie. Jimbo lisipochangia, Kongresi iliandika barua nyingine.

Mwaka 1781 ikapendekezwa Kongresi ipewe angalau ushuru wa forodha wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje. Ili upite, ilibidi majimbo yote 13 yakubali. Novemba 1782 Rhode Island, dogo kuliko yote na lililoishi kwa biashara ya bahari, likakataa. Mwezi uliofuata Virginia likafuta kibali ambacho lilikuwa limeshakitoa.

Ni rahisi kuwacheka, lakini hofu yao ilikuwa na msingi. Kongresi yenye kodi ya kudumu na jeshi la kudumu ingetofautiana vipi na kile walichokipindua? Huko New England pensheni ya maisha kwa maofisa ilionekana kama kuzalisha tabaka la mabwana watakaolishwa na wakulima. Tatizo ni kwamba kwa kuliogopa jeshi walilinyima mishahara, na jeshi lisilolipwa linatisha zaidi kuliko linalolipwa.

Desemba 1782 maofisa walituma watu watatu Philadelphia, mji ambamo Kongresi ilikuwa ikikaa: Jenerali Alexander McDougall na makanali Matthias Ogden na John Brooks. Waraka waliobeba haukuzunguka. Tumevumilia yote ambayo binadamu anaweza kuvumilia, walisema. Mali zetu zimekwisha, na marafiki zetu wamechoka na kuchukizwa na kuombwa kila siku. Hawakung'ang'ania hata ile pensheni ya maisha. Walikuwa tayari kupokea kiinua mgongo cha mshahara kamili wa miaka michache, suala lifungwe.

Walipofika mjini walikuta watu wanaowasubiri kwa hamu. Robert Morris, msaidizi wake Gouverneur Morris (hawakuwa ndugu) na mjumbe kijana wa New York, Alexander Hamilton, aliyekuwa amepigana chini ya Washington, walitaka serikali kuu yenye uwezo wa kutoza kodi. Walitaka pia waliokuwa wameikopesha Kongresi walipwe. Kwao jeshi lenye hasira lilikuwa mdai mwenye sauti kubwa kuliko wote, na sauti hiyo ingeweza kuyatisha majimbo. Muda ulikuwa unawakimbia, kwa sababu rasimu ya mkataba wa amani ilikuwa imeshasainiwa Paris tarehe 30 Novemba 1782. Habari zikishavuka bahari, nani atamjali askari? Tarehe 13 Februari Hamilton alimwandikia Washington barua ya werevu sana. Alimweleza kwamba madai ya jeshi yakisukumwa kwa kiasi yanaweza kusaidia, na kwamba yeye Washington angefaa kuyaongoza kwa siri ili yasivuke mpaka. Ukiisoma leo unaona mtu anayechezea moto, na anamwomba mkubwa wake ashike ndoo ya maji.

Washington hakuingia mtego huo. Aprili, mambo yalipokwisha tulia, alimjibu Hamilton kwamba jeshi ni chombo cha hatari kukichezea.

Wiki yenyewe

Jumatatu tarehe 10 Machi karatasi zilianza kupita kambini mkono kwa mkono. Moja iliwaita maofisa kwenye kikao kesho yake. Nyingine, isiyo na jina la mwandishi, ilikuwa imeandikwa na Meja John Armstrong, msaidizi wa Jenerali Horatio Gates, kijana wa miaka 24 mwenye kalamu kali kweli. Aliwauliza wenzake kama wako tayari kuwa watu pekee walioumizwa na mapinduzi haya, wazeeke katika umaskini na dharau. Kama mnakubali, akaandika, basi nendeni mkafe njaa, msahauliwe! Kama hamkubali, njia ni mbili: amani ikija, msiweke silaha chini hadi mlipwe; vita vikiendelea, jiondokeeni mwende msituni na kuiacha Kongresi bila mlinzi. Akaongeza onyo la kumtilia shaka mtu yeyote atakayewashauri kuwa na kiasi na kuvumilia zaidi. Hakuhitaji kumtaja. Kila ofisa alijua ni nani kambini aliyekuwa akihimiza uvumilivu.

Kila mtu anayesimulia kisa hiki hukimbilia miwani, na miwani inakuja. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilifanyika kesho yake, tarehe 11, kwa amri fupi ya kijeshi. Washington hakumsaka mwandishi. Hakukamata mtu, wala hakuwaambia maofisa kwamba hawana haki ya kulalamika. Alisema kikao kilichoitwa kwa karatasi isiyo na jina ni kinyume cha utaratibu, kisha yeye mwenyewe akaitisha kikao halali, Jumamosi tarehe 15, saa 6 mchana, kusikiliza taarifa ya wajumbe waliotumwa Philadelphia. Ofisa mwenye cheo cha juu atakayekuwepo ataongoza, na atamletea kamanda mkuu taarifa ya kilichoamuliwa.

Angalia amri hiyo ilifanya nini. Ilinunua siku nne, na hasira ya Jumatatu si hasira ya Jumamosi. Ilihamisha malalamiko kutoka gizani hadi kwenye ajenda. Ilimkalisha Gates, ambaye ofisini kwake ndiko karatasi zilikotoka, kwenye kiti cha mwenyekiti, mahali ambapo hawezi kupiga kelele wala kujificha. Na ilidokeza kwamba Washington hatahudhuria. Armstrong alijaribu kuigeuza kwa upande wake: akatoa karatasi ya pili akidai amri hiyo inaonyesha jenerali anaunga mkono. Ilikuwa mbinu nzuri, ila ilikuwa imechelewa, maana kwa kudai hivyo alikuwa ameshakubali kwamba kikao halali ni kile cha Washington.

Kikao kilifanyika ndani ya jengo kubwa jipya la mbao ambalo askari walilijenga kwa ibada na mikutano, wakaliita Hekalu la Uadilifu. Gates alikuwa amekaa mbele. Mlango ukafunguliwa, Washington akaingia, akaomba ruhusa ya kusema.

Alisoma hotuba aliyoiandika mwenyewe, na haikuwa laini. Mwandishi wa karatasi zile alimwita mtu ambaye labda ametumwa kutoka New York, yaani na Waingereza. Akauliza kwa mshangao: tuhamie msituni, na wake zetu na watoto wetu tuwaache wapi? Alikumbusha kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia katika vita hivi na hakuwahi kutoka ubavuni mwao. Aliwaahidi kuwapigania, na akawaomba wasifanye jambo litakalochafua yote waliyoyafanya. Kwa maelezo yaliyobaki, hotuba haikuuyeyusha ukumbi. Watu walikuwa bado wamekaza nyuso.

Ndipo akatoa mfukoni barua ya Joseph Jones, mjumbe wa Virginia, kuwaonyesha kwamba Kongresi inajaribu. Akaanza kusoma, akakwama. Mwandiko ulikuwa mgumu. Akapapasa mfukoni, akatoa miwani ambayo wengi wao hawakuwahi kumwona ameivaa. Waliokuwepo wanatofautiana kuhusu maneno kamili, lakini yalikaribia haya: mniwie radhi nivae miwani, maana nimeota mvi katika kuwatumikia, na sasa naona ninapofuka. Maofisa kadhaa walilia. Alimaliza barua, akatoka, akawaachia ukumbi.

Kutoka kwake ni sehemu ya ufundi. Jenerali Henry Knox, rafiki yake wa tangu mwanzo wa vita, alisimama mara moja na hoja ya kumshukuru, Jenerali Rufus Putnam akaiunga mkono, na kabla ya jioni maofisa walikuwa wamepitisha maazimio ya kuiamini Kongresi na kuyakataa kwa dharau mapendekezo ya karatasi zile. Timothy Pickering, aliyesimamia ugavi wa jeshi, alikuwemo ukumbini na hakufurahi. Baadaye alilalamika kwamba watu walewale waliokuwa wakiisifia karatasi ya Armstrong siku chache nyuma walipiga kura ya kuilaani. Alikuwa sahihi, na ndivyo vikao vilivyo.

Kwa nini waligeuka? Sidhani ni machozi peke yake. Wengi wa maofisa wale walikuwa watu wa heshima katika wilaya zao, wenye mashamba, ndugu na majirani wapiga kura. Kutishia Kongresi kwa maneno ni jambo moja. Kuandamana na bunduki kupita kijijini kwa mama yako ni jingine. Walihitaji njia ya kurudi nyuma bila aibu, na Washington aliwapa. Yafaa pia kukumbuka kwamba kwake yeye uvumilivu ulikuwa rahisi zaidi. Alikataa mshahara vita vizima, akidai marejesho ya matumizi tu, kwa sababu nyumbani kwake Mount Vernon, Virginia, kulikuwa na shamba lililolimwa na watumwa. Mmoja wao, William Lee, alikuwa naye miaka yote ya vita akimhudumia. Katika mjadala wote wa nani amelipwa na nani amedhulumiwa, malipo ya Lee hayakutajwa na mtu yeyote.

Wanahistoria bado wanabishana kama kulikuwa na njama ya kweli ya kupindua, au ni Philadelphia tu iliyotaka kelele za kutisha na kelele zikakaribia kuponyoka. Mimi naelekea upande wa pili. Sioni ushahidi kwamba Gates alikuwa na mpango wa kuikalia Kongresi. Lakini jeshi halihitaji mpango ili liwe mtawala. Linahitaji kujifunza mara moja tu kwamba likitisha linalipwa.

Bili iliyobaki

Dawa ya deni ni kulipa, na Washington alilijua hilo. Alituma maazimio ya maofisa Philadelphia pamoja na barua nzito ya kuwatetea. Tarehe 22 Machi Kongresi ilipitisha kiinua mgongo cha mshahara kamili wa miaka mitano badala ya pensheni ya maisha, baada ya Eliphalet Dyer wa Connecticut, aliyeichukia hoja hiyo, kubadili msimamo. Malipo yenyewe yalikuwa hati za deni zenye riba ya asilimia 6, za serikali ambayo bado haikuweza kutoza kodi. Kusitishwa kwa vita kulitangazwa kambini tarehe 19 Aprili, miaka minane kamili tangu risasi za kwanza za Lexington, na kuanzia Juni askari waliruhusiwa kwenda likizo ambayo kila mtu alijua haina kurudi. Wengi waliondoka kabla hata ya zile hati kuwafikia, kwa miguu, na bunduki zao kama zawadi.

Si wote walioondoka kimya. Tarehe 21 Juni askari wa Pennsylvania waliokuwa wakidai mishahara walilizunguka jengo ambamo Kongresi ilikuwa ikikaa. Viongozi wa jimbo walikataa kuwaita wanamgambo wawatawanye, na serikali ya nchi iliyokuwa imelishinda dola la Uingereza ikahamia Princeton. Miezi mitatu tu baada ya ushindi wa Newburgh. Desemba 23 mwaka huohuo, Annapolis, Washington alirudisha hati yake ya ukamanda mbele ya Kongresi hiyohiyo masikini, akaenda nyumbani.

Deni halikwenda naye. Wenye hati walizihitaji fedha leo, wakawauzia walanguzi kwa sehemu ndogo ya thamani iliyoandikwa. Kisha majimbo yakaanza kutoza kodi ili kuwalipa wenye hati. Massachusetts ilitoza kwa ukali, tena kwa sarafu ambazo mkulima hakuwa nazo, na mwaka 1786 wakulima wa magharibi mwa jimbo wakaanza kuzifunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, kapteni wa zamani, ambaye kwa shida alikuwa ameuza upanga aliopewa zawadi na Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani. Januari 25, 1787 walijaribu kuiteka ghala ya silaha ya Springfield. Mizinga ikafyatuliwa, wanne wakafa. Kongresi haikuwa na jeshi la kutuma. Kikosi cha Jenerali Benjamin Lincoln kilichowafukuza kililipiwa na matajiri wa Boston.

Mei mwaka huo wajumbe wakakutana Philadelphia kuandika Katiba, na ukiangalia walioketi humo unawaona watu wa 1783: Washington kwenye kiti cha mwenyekiti, Hamilton, Robert Morris, na Gouverneur Morris aliyeshika kalamu ya maandishi ya mwisho. Walichokipata ni kile walichoshindwa kukipata kwa kulitumia jeshi. Kongresi mpya iliweza kutoza kodi. Ila hofu ya zamani nayo iliandikwa ndani: rais raia ndiye amiri jeshi mkuu, na fedha za jeshi haziwezi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mara moja. Jeshi lilipwe, lakini kila baada ya muda mfupi lirudi kuomba.

Mwaka 1790 Hamilton, sasa waziri wa fedha, alipendekeza hati zote za shirikisho zitambuliwe kwa thamani yake kamili, kwa yeyote anayezishika. James Madison, mbunge wa Virginia, alitaka askari walioziuza kwa shida wagawiwe sehemu. Bunge la wawakilishi lilimkataa kwa kura 36 dhidi ya 13. Armstrong, yule kijana wa karatasi zisizo na jina, alikuja kuwa waziri wa vita mwaka 1813, chini ya Madison huyohuyo, ambaye sasa alikuwa rais. Na maofisa waliobaki hai ambao walistahili kiinua mgongo cha 1783 walipitishiwa sheria ya mshahara kamili maishani tarehe 15 Mei 1828, pamoja na askari wa kawaida waliokuwa wametumikia hadi mwisho wa vita. Wakati huo kijana wa miaka 20 pale Newburgh alikuwa na miaka 65.